Boti Yetu Itaitwaje? Historia Fupi ya Majina ya Vyombo katika Ziwa Tanganyika



Mchango wa mwaka huu ni wa boti ya kubeba wagonjwa na akina mama wajawazito kutoka vijiji vyetu vya mwambao visivyo na barabara. Fedha haijatimia, lakini swali la jina limekwisha kufika mezani. Wapo wanaosema boti ipewe jina la atakayechangia zaidi. Wapo wanaoona hayo ni makuu, na kwamba tukizidi kuandika "Boti ya Wagonjwa" watu watasema tunajidai. Kabla hatujapiga kura, inafaa tukumbuke kwamba ziwa letu limekwisha kuona majina ya kila namna.

Tuanze na wenye maboti wa kwetu. Ukipita mwaloni asubuhi unasoma ubavuni: Neema, Subira, Mungu Mkubwa, Mama fulani. Si kwamba wenyewe hawajivunii mali yao. Boti ya mbao na injini yake ni jasho la miaka mingi. Lakini mwenye boti anajua kuwa jina lake litasomwa na majirani, na kwamba siku injini ikizima katikati ya maji, majirani haohao ndio watakaomvuta kwa kamba. Kwa hiyo anatafuta jina linalosema "nimepata" bila kusema "mimi". "Mungu Mkubwa" ni shukrani, na papo hapo ni tangazo. Hiyo ni adabu ya watu wanaotegemeana.

Wakoloni wa Kijerumani hawakuwa na sababu ya kuogopa majirani. Stima yao iliyoanza kazi ziwani mwaka 1900 waliiita Hedwig von Wissmann, jina la mke wa gavana wao wa zamani. Kisha ikaja kubwa kuliko zote. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Iliposhushwa majini Februari 1915 ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi, na jina lake lilikuwa Graf von Götzen. "Graf" ni cheo cha kikabaila cha Kijerumani. Götzen mwenyewe alikuwa gavana kuanzia 1901 hadi 1906, na ni katika utawala wake Vita vya Maji Maji vilianza na kukandamizwa kwa moto na njaa. Meli ilipopewa jina lake alikuwa amekwisha kufa. Wananchi waliobeba mizigo yake gatini hawakuulizwa.

Waingereza nao, walipokuja kupigana na Wajerumani ziwani, walileta maboti mawili tu ya injini, kila moja lenye urefu wa mita 12 hivi. Yalisafirishwa kutoka Uingereza hadi Cape Town, yakapanda treni, yakakokotwa porini kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, hadi upande wa Kongo. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka yaitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wakakataa, kwa kuona ni utani usiofaa jeshini. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, nayo yakapita. Kwa Kifaransa cha watoto hizo ni sauti za paka na mbwa.

Msomaji wa Kiswahili hapo lazima acheke. Jina lililochaguliwa kwa kuwa dogo na la mzaha, likifika kwetu linageuka kuwa majivuno makubwa kuliko yote: boti inaitwa Mimi! Mwenye kutoa jina hutoa kwa lugha yake, lakini uzito wake hupimwa na masikio ya wanaolisikia.

Maboti hayo yaliiteka stima ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915. Wakaipa jina Fifi, sauti ya ndege. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Fifi waliifukuza Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba jina dogo ni unyenyekevu. Spicer-Simson alijulikana kwa kupenda kujisifu. Mtu aweza kujificha nyuma ya jina dogo kama wengine wanavyojificha nyuma ya kubwa.

Na Graf von Götzen? Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakiondoka Kigoma, baada ya kuipaka injini grisi ili isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Walioipa jina hilo walikuwa wakoloni pia, lakini safari hii jina lilitoka vinywani mwa wakazi wa kusini mwa ziwa. Ndivyo Livingstone alivyowasikia wakiliita ziwa lao alipofika huko mwaka 1867. Gavana akafutika ubavuni, ziwa likaandikwa. Uhuru ulipokuja, hakuna aliyehitaji kulibadilisha jina hilo. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, Liemba ndiyo iliyowavusha hadi Kigoma.

Ndugu zangu, naona mambo mawili hapa. Kwanza, boti yetu isibebe jina la mchangiaji yeyote, hata angetoa nusu ya fedha. Majina ya wote waliochanga, wa shilingi elfu tano na wa milioni tano, yaandikwe katika daftari moja la Chama kwa mpangilio wa alfabeti. Jina la boti lichaguliwe na wale watakaoisubiri ufukweni: akina mama wa vijiji vyetu, katika mikutano yao, kwa lugha yao.

Pili, tusiogope kuliandika kwa herufi kubwa na rangi inayoonekana kwa kurunzi. Mama mwenye uchungu usiku anahitaji kujua kuwa chombo kinachokuja ni chake. Hilo si majivuno. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani.

Lakini jina haliwezi kupakwa rangi kwenye boti ambayo haijanunuliwa. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tafadhali ijaze leo, uirudishe kwa Mweka Hazina, na umpe nduguyo mmoja aliye mbali na nyumbani nakala ya pili.