Washana, chuma na masizi yake

Leo tuko Upare, ila sio kwa habari za tangawizi!

Ukitaja Washana huko milimani, watu wanakuelewa: ukoo wa wahunzi. Profesa Isaria Kimambo, kwenye kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, anaeleza kuwa ndio waliotawala Ugweno, kaskazini ya Same, mpaka Wasuya wakiongozwa na Angovi walipowapindua. Chuma kiliwapa heshima, na hiyo tunaisoma. Moshi wake nani anausoma?

Chuma kilitoka kwenye mchanga mweusi wa vijito, makaa na mivukuto. Palipo na moto hivyo pana masizi. Sasa masizi sio unga wa vipunje vya duara kimoja kimoja. Ni vipunje vya nanomita 20 hadi 50 hivi, vimeshikana kama shanga kwenye uzi. Moto huviachia vingine vikiwa na chaji ya umeme.

Chaji hiyo inakaa wapi? Chaji za aina moja zinakimbiana. Kwenye tufe zinajigawa sawasawa juu ya uso wote. Kwenye mnyororo zinasukumana kuelekea ncha, shanga za katikati zinabaki na chaji pungufu kuliko za nchani. Na kwa kuwa zina nafasi ya kuachana, mnyororo hubeba chaji nyingi kuliko tufe la masizi yaleyale.

Umbo hili liliwahi kuzua ugomvi wa kisayansi. Kuanzia 1909, Robert Millikan kule Chicago alipima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta, ambayo ni duara, hesabu yake inaeleweka. Felix Ehrenhaft wa Vienna alitumia chembe za metali, na 1910 akadai kuona chaji ndogo kuliko ya elektroni. Wapinzani wakamuuliza: una uhakika gani na umbo na uzito wa chembe zako? Millikan akapata Nobel 1923.

Kwa mvuta mivukuto haikuwa ubishi wa vitabu. Chembe yenye chaji hunasa kirahisi zaidi kwenye njia za hewa, na anayepuliza moto ndiye anayevuta moshi. Leo mvukuto umepoa, lakini mama aliyeinamia mafiga bado anavuta minyororo ileile.

Walimu wenzangu watarajiwa, tukifundisha enzi ya chuma tusiishie kwenye jembe na mkuki. Tuwataje na waliokohoa.