Watu 336 wa Chimwaga: Wapiga Kura Wasiojulikana Walioamua Nani Awe Rais 1995

Wadau wengi ukiwatajia 1995 wanakumbuka Mkapa na Mrema. Wanakumbuka viwanja vilivyofurika na uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi mwaka 1992. Ilikuwa mechi kubwa, hilo halina ubishi. Lakini mechi ngumu zaidi ilishachezwa miezi mitatu nyuma, Julai, pale Dodoma ndani ya ukumbi wa Chimwaga, na waliopiga kura hawakuzidi watu 1,400. Oktoba, Mkapa alimshinda Mrema kwa asilimia 61.8 dhidi ya 27.8. Chimwaga alipita kwa kura 47 tu.

Ndiyo, 47. Na ukizifuata zile hesabu unakutana na kundi la watu ambao hakuna kitabu kinachowataja kwa majina, ingawa waliipangia nchi marais wawili mfululizo.

MAJINA MATATU MEZANI

Kwanza tuelewane utaratibu. CCM haina ile kura ya mchujo kama Marekani, ambako mwanachama wa kawaida anapiga kura jimboni kwake, Iowa au New Hampshire, kumchagua atakayebeba bendera ya chama. Huku kwetu wanaotaka urais wanachujwa na vikao vya juu, kwanza Kamati Kuu, halafu Halmashauri Kuu. Majina yanayobaki ndiyo yanapelekwa Mkutano Mkuu. Hapo sasa anaingia mjumbe: mtu wa kutoka Kasulu, Newala, Pemba au Kondoa, aliyechaguliwa huko kwao, akafunga safari mpaka Dodoma na kulala kwenye nyumba ya wageni iliyojaa wenzake. Julai Dodoma kuna upepo na baridi ya asubuhi, wanaoijua wanaijua.

Julai ile mjumbe alikuta majina matatu.

La kwanza, Cleopa Msuya. Miaka 64, Waziri Mkuu aliyekuwa kazini, mzoefu wa hazina na uchumi tangu enzi za Mwalimu. Ukimtaka mtu anayeijua serikali ndani nje, ndiye huyo.

La pili, Benjamin Mkapa. Miaka 56, mhariri wa magazeti zamani, aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na wakati huo alikuwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu. Hakuwa mtu wa kushangiliwa sana mitaani, ila hakuwa na kashfa. Na kila aliyekuwa mle ukumbini alijua Mwalimu Nyerere anamkubali.

La tatu, Jakaya Kikwete. Miaka 44, Waziri wa Fedha, mwanajeshi aliyevua gwanda mwaka 1992 akachagua siasa. Kijana, mchangamfu, anajua watu kwa majina. Alikuwa amefanya kazi ya chama mikoani, Singida na Tabora zikiwemo, kwa hiyo kwa wajumbe wa kanda ya kati hakuwa mgeni.

Rafiki yake Edward Lowassa naye alikuwa anautaka urais mwaka huo. Wawili hao ndio waliokuja kubatizwa Boyz II Men, jina la lile kundi la muziki la Marekani. Lakini jina la Lowassa halikuwafikia wajumbe. Wala la John Malecela, mtoto wa Dodoma, Waziri Mkuu hadi mwishoni mwa 1994, ambaye Mwalimu alishamkosoa waziwazi kwenye kitabu chake cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Yaani mjumbe wa Dodoma alipiga kura nyumbani kwao, kwenye karatasi isiyokuwa na mtu wa nyumbani.

RAUNDI YA KWANZA

Kura zikahesabiwa: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336.

Kijana akawa anaongoza! Tatizo ni kwamba alitakiwa kuvuka nusu, na 534 kati ya 1,329 ni kama asilimia 40 tu. Msuya akatoka, wakabaki wawili. Na hapo ndipo uzito wote wa nchi ulipohamia kwa wale 336 ambao mtu wao ameshatoka.

Jiweke kwenye kiti cha mmoja wao. Umekuja na mzee wako moyoni. Ulimpa kura kwa sababu ya uzoefu, au kwa sababu ni wa mkoa wenu, au uliona nchi iliyotoka kwenye hali ngumu ya uchumi inahitaji mtu wa mahesabu. Sasa hayupo. Muda wa kurudi kijijini kuuliza watu haupo. Simu ya mkononi huna. Kushoto kuna kijana ambaye tayari ana kura nyingi, na binadamu anapenda kwenda na anayeshinda. Kulia kuna mtu mzima asiyekuchekea sana, lakini Mwalimu amemwamini.

Na Mwalimu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Mei Mosi ya mwaka huohuo, Mbeya, alikuwa ameshasema hadharani rais ajaye awe mtu wa namna gani: mtu atakayeikataa rushwa, atakayeulinda Muungano, asiyeendekeza ukabila wala udini. Mjumbe aliingia Chimwaga maneno yale bado yako masikioni.

RAUNDI YA PILI

Mkapa 686, Kikwete 639.

Tupige hesabu taratibu. Mkapa aliongeza kura 227. Kikwete aliongeza 105. Jumla 332, na kura zilizohesabika zilipungua nne, unapata 336 kamili. Tukichukulia kwamba waliowapigia Mkapa na Kikwete mwanzo walibaki palepale, basi kati ya kila watu watatu wa Msuya, wawili walikwenda kwa Mkapa.

Sasa sikia hii. Kama watu 24 tu kati ya waliokwenda kwa Mkapa wangekwenda kwa Kikwete, matokeo yangekuwa 663 kwa 662, na Kikwete angepita. Watu 24 hata Coaster hawaijazi.

Nchi ingekuwaje? Hakuna anayeweza kuapa. Kinachojulikana ni kilichotokea. Mkapa alitawala miaka kumi, akabinafsisha mashirika ya umma, TRA ikaanza kazi 1996 akiwa madarakani, akahangaikia kufutiwa madeni. Kikwete alikubali kushindwa bila kuleta fujo, akapewa Mambo ya Nje, akakaa hapo miaka yote kumi akijijenga. Wale 336 hawakumnyima urais. Walimwambia asubiri zamu yake.

NA BAADA YA HAPO?

Mei 2005 zamu ikafika. Majina matatu tena: Kikwete 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mark Mwandosya 122. Raundi moja, kazi imekwisha. Na mzee Malecela, safari hii akiwa Makamu Mwenyekiti wa chama, alikatwa kabla ya Mkutano Mkuu kwa mara nyingine. Mjumbe wa Dodoma akabaki na karatasi ileile isiyo na mtu wa nyumbani.

Kufikia Julai 2015 waliochukua fomu walikuwa 42. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu ikiwa ya Zanzibar. Kamati Kuu ikabakiza watano, Lowassa hayumo. Baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kuwa wana imani naye, mbele ya mwenyekiti wao Kikwete, yule rafiki wa 1995. Haikubadilisha kitu. Mkutano Mkuu ulipoanza kupima, mizani ilishaelemea upande mmoja: Magufuli 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Mwezi huohuo Lowassa akahamia Chadema, na Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. Kwa hiyo mtu ambaye mjumbe hakuruhusiwa hata kumfikiria alipata kura za Watanzania zaidi ya milioni sita.

Tangu hapo mjumbe hajapewa tena karatasi yenye jina zaidi ya moja. Mwaka 2020 Magufuli alisimama peke yake, na Januari 2025 Rais Samia akapitishwa peke yake, Dodoma hiyohiyo. Wapo watakaosema ni utamaduni wa chama, rais aliyeko madarakani hashindanishwi, na ni kweli hata Mkapa mwaka 2000 na Kikwete 2010 walipita hivyo. Sawa. Ila matokeo yake ni kwamba kijana aliyezaliwa 2015 anakaribia kumaliza shule ya msingi hajawahi kuona wajumbe wakiwapima wagombea wawili.

Ndiyo maana Julai 1995 ni ya kukumbukwa. Haikuwa safi kiasi hicho, maana majina makubwa yalishakatwa juu na kivuli cha Mwalimu kilijaa ukumbi mzima. Lakini ndani ya ule mchujo bado ilibaki nafasi ndogo, na mtu wa kawaida kutoka wilayani akaitumia akiwa peke yake na kalamu, bila yeyote kujua matokeo mpaka boksi la mwisho lihesabiwe.

Ukumbi wa Chimwaga upo mpaka leo, uko ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Msuya alifariki Mei 2025 akiwa na miaka 94, Mkapa alitangulia Julai 2020. Wale 336, walio hai sasa ni wazee, wako huko Same, Mwanga, Mpwapwa na kwingineko. Huenda mmoja ni babu yako au bibi yako. Muulize, ukimkuta ana nguvu: raundi ya pili ulimpa nani, na kwa nini?