Kodi ya nyumba, Kihesa

Kiswahili kina neno moja kwa madai mawili ambayo mpangaji angependa yatenganishwe: kodi ya serikali na kodi ya mwenye nyumba. Tunalo pia neno "pango", linaandikwa kwenye mikataba, lakini pita Kihesa pale Iringa mwisho wa mwezi usikilize watu. Ni "kodi" tu. Mimi naona ndani ya neno hilo kuna historia ambayo hatujaisoma vizuri.

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika koloni lao mwaka 1897, Mkwawa akiwa bado anawindwa porini. Alikufa Julai 1898. Boma la Iringa lilikuwa limeshaanzishwa 1896, na sasa likawa na kazi ya kukusanya. Ili utoze nyumba lazima kwanza uihesabu. Hivyo nyumba ya Mhehe ikaingia kwenye daftari la serikali, lakini hakuna aliyekuja kuangalia kama paa linavuja. Waingereza nao wakaendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa.

Uhuru ulibadilisha swali. Azimio la Arusha, 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, akaja Msajili wa Majumba. Ila sheria ile ililenga magorofa ya katikati ya miji. Nyumba ya matofali ya udongo yenye vyumba vya uani haikuguswa, na ndimo watu wengi walimopanga.

Kilichomgusa mpangaji wa kawaida, angalau kwenye karatasi, ni Sheria ya Kudhibiti Kodi ya 1962, kisha ile ya 1984. Kulikuwa na mabaraza ya nyumba. Baraza lingeweza kupanga kiwango cha kodi, na mwenye nyumba hakuweza kukutoa bila sababu inayokubalika kisheria. Sheria hiyo ikafutwa mwaka 2005.

Sasa angalia mwaka huo. Ni 2005 hiyohiyo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilipoanza, na chuo cha Wakatoliki, Ruaha, kikaanza pia. Chuo cha Walutheri, Tumaini, kilikuwa tayari pale Kihesa. Wanafunzi wakamiminika wakitafuta geto, kila uwanja ukaota safu ya vyumba, dalali naye akapata kazi. Mpangaji kijana aliingia sokoni ulinzi ukitoka. Sidhani kuna aliyepanga viendane hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Lipa miezi sita, kama si mwaka mzima, au rudi kwenu.

Kwa hiyo nani anajua nani kapanga wapi? Balozi wa nyumba kumi, kwa muda mrefu, urithi wa TANU. Ukihamia unapelekwa kwake, au kwa mwenyekiti wa mtaa, unaandikwa jina, kabila, ulikotoka, kazi yako. Ni wewe unayeandikishwa, chumba hakiandikwi. Bwana afya ana mamlaka ya kukagua, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa, ila kwa kawaida anaonekana kipindupindu kikitajwa, na anaanzia chooni. Kama dirisha halifungi na Juni ya Iringa imefika, hiyo ni kesi yako na blanketi lako.

Daftari jipya la nyumba, kusema kweli, ni mita ya umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji. Wapangaji watano kwenye mita moja wakaanza kugombania mia mbili mbili za nyumba isiyo yao. Tukaambiwa tuelewane na wenye nyumba. Mwaka 2022 ikaja kodi ya zuio: mpangaji akate asilimia 10 ya pango, aipeleke TRA.

Nilimuuliza mama mmoja mwenye nyumba pale Kihesa, baada ya kamwene na habari za nyumbani, kama yupo mpangaji aliyewahi kumkata hiyo asilimia kumi. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Akate, mwanangu? Halafu alale wapi?"