Mistari na Majina: Asili ya Herufi HD katika Televisheni

Miongoni mwa istilahi tunazoulizwa na wanafunzi zimo herufi HD, zinazobandikwa kwenye televisheni za madukani. Maana yake ni ufafanuzi wa juu, yaani ubainifu mkubwa wa picha. (Wako waitafsirio "maana ya juu", kwa kuwa neno hilo la Kiingereza hutumika pia kwa fasili za kamusi.) Lakini juu kuliko nini?

Picha ya televisheni tangu awali ilichorwa kwa mistari, na kadiri mistari ilivyozidi ndivyo picha ilivyobainika. Matangazo ya John Logie Baird yaliyorushwa Uingereza tangu mwaka 1929 yalikuwa na mistari 30 tu. Uso wa mtu ulitambulika kwa shida. Mwaka 1935 kamati ya serikali ya huko ilipendekeza kwamba huduma ya "ufafanuzi wa juu" isipungue mistari 240. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza kutangaza kutoka Alexandra Palace, London, ikipokezanisha mtambo wa Baird wa mistari 240 na ule wa Marconi-EMI wa mistari 405. Mapema mwaka 1937 ule wa Baird ukaachwa. Basi mistari 405, ambayo leo ingedharauliwa, ndiyo iliyolibeba jina hilo tukufu! Baadaye Ufaransa ilitumia 819, na Japani, kwa utafiti wa NHK ulioanza miaka ya 1960, ikafikia 1125.

Kwa hiyo jina halitoshi. Msomaji aitazame tarakimu iliyo kando yake. 720 na 1080 ni idadi ya mistari. Herufi p ikifuata, mistari yote huchorwa mfululizo. Ikiwa ni i, mistari ya witiri na ya shufwa hupokezana. Hapa mnunuzi ajihadhari: nembo ya "HD ready", iliyotolewa Ulaya mwaka 2005, ilidai kioo kiwe na mistari 720 tu, ijapokuwa chombo chenyewe hupokea matangazo ya 1080. "Full HD" ni nukta 1920 kwa upana na mistari 1080 kwa kimo.

Ajabu zaidi ni 4K. Hapa wenye viwanda waligeuza hesabu: waliacha mistari wakahesabu nukta za upana, 3840, wakaziita elfu nne. Kwa hesabu ya zamani televisheni hiyo ingeitwa 2160. Mistari yake ni maradufu tu ya ile 1080, ingawa nukta zake zote kwa jumla ni mara nne.