Jinsi virusi vya ndege wahamao vinavyofuatiliwa

Katika siku za mwanzo za Januari 2017, wavuvi wa Lutembe, karibu na mji wa Entebbe nchini Uganda, walitoa taarifa kwamba ndege wengi walikuwa wakifa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ndege hao walikuwa buabua mabawa-meupe, ambao huzaliana Ulaya Mashariki na Asia na kuja Afrika kukwepa majira ya baridi. Mizoga ilionekana pia upande wa Masaka, na huko bata na kuku wa wanakijiji nao walikuwa wakifa. Katikati ya mwezi huo serikali ya Uganda ilitangaza kuwa vipimo vimethibitisha mafua makali ya ndege. Kirusi kilichohusika kilibainika kuwa H5N8. Kenya na Rwanda zilipiga marufuku mara moja kuku na mayai kutoka Uganda, na wafugaji waliokuwa wakitegemea masoko hayo wakabaki na mzigo mikononi.

Tukio hilo laonyesha kwa nini wataalamu hujishughulisha na ndege wa porini, ambao hawana mwenyewe wala banda. Virusi vya mafua aina ya A asili yake ni ndege wa majini, hasa bata, bata bukini, shakwe, buabua na ndege wadogo wa pwani. Herufi H na N zinazotajwa katika majina ya virusi hivyo ni za protini mbili zilizo juu ya ganda la kirusi, na kwa ndege zimetambuliwa aina 16 za H na aina 9 za N kwa miaka mingi. Mara nyingi bata hubeba virusi hivyo ndani ya utumbo bila kuugua, akivitoa kwa kinyesi majini, ambako vyaweza kudumu kwa muda mrefu, hasa maji yakiwa ya baridi. Hatari huanza virusi vya H5 au H7 vinapoingia katika mabanda ya kuku. Humo huweza kubadilika na kuwa vikali, na kundi zima likateketea kwa siku chache.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1961 buabua wengi walikufa katika pwani ya Afrika Kusini, na kirusi cha H5N3 kilichopatikana kwao ndicho cha kwanza cha mafua kutambuliwa kwa ndege wa porini. Baadaye Robert Webster na mwenzake Graeme Laver walianza kuwapima ndege wa bahari nchini Australia. Tangu mwaka 1985 Webster na wenzake wa hospitali ya utafiti ya St. Jude, mjini Memphis, Marekani, walikwenda kila Mei katika ghuba ya Delaware, ambako ndege wa pwani wanaosafiri kutoka Amerika Kusini kwenda Aktiki hutua ili kushiba mayai ya kaa. Kazi yao kubwa ilikuwa kuokota kinyesi. Si kazi ya fahari, lakini kumbukumbu ya miaka mingi ya mahali pamoja ina thamani kuliko safari kumi za dharura.

Safari za dharura zilikuja mwaka 2006. Mwaka uliotangulia, maelfu ya ndege, wengi wao bata bukini, walikuwa wamekufa kwa H5N1 katika ziwa Qinghai nchini China, na Februari 2006 kirusi hicho kikathibitishwa Nigeria, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Wafadhili waliokutana Beijing Januari mwaka huo waliahidi dola bilioni 1.9. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na washirika wake, liliendesha upimaji wa ndege wa majini katika nchi kadhaa za Afrika. Virusi visivyo vikali vilipatikana, hata kwa ndege ambao hawaondoki barani humu. Wakati huo ulizuka ubishi mkali juu ya nani alaumiwe, ndege au biashara ya vifaranga na kuku hai. Ushahidi wa miaka iliyofuata umeonyesha kuwa wote wawili huhusika, na kwamba anayemlaumu ndege peke yake mara nyingi hakutazama magari yanayosafirisha kuku.

Kazi yenyewe huanza alfajiri. Ndege hunaswa kwa nyavu nyembamba au mitego yenye chambo, kisha hupimwa uzito na kuvishwa pete yenye namba mguuni. Mtaalamu huingiza kijiti chenye pamba kooni na kingine katika tundu la haja, akavitia katika kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, na ndege huachiwa aende zake. Hapo ndipo shida halisi huanza, kwa maana kichupa hicho lazima kibaki katika baridi kali hadi maabara, na kutoka kando ya ziwa hadi mjini barabara ni mbovu na barafu huyeyuka. Maabarani hutumika kipimo cha PCR, ambacho wengi walikijua wakati wa janga la UVIKO-19. Kikionyesha kirusi, vinasaba vyake husomwa na kulinganishwa na vya virusi kutoka nchi nyingine, na kwa njia hiyo hujulikana kilitoka upande gani. Baadhi ya ndege hufungwa pia vifaa vidogo vinavyotuma taarifa za safari yao kwa setilaiti.

Matokeo mengi huwa hasi. Unaweza kupima mamia ya ndege usipate kitu, na mwenye kutoa fedha akauliza faida iko wapi. Ndiyo maana nchi nyingi huishia kungoja mizoga, ingawa mzoga ni habari iliyochelewa: kirusi kimekwisha kufika, na ndege wenye afya waliokibeba huenda wamekwisha kuruka.

Uhaba huo ulidhihirika virusi vya H5 viliposambaa upya kuanzia mwaka 2020. Januari 2021 ndege aina ya mwari wapatao 750 walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Djoudj, Senegal. Mwaka huo huo Afrika Kusini ilipoteza zaidi ya mnandi 20,000. Mwishoni mwa mwaka 2022 kirusi kilikuwa Peru, na Februari 2024 kilithibitishwa katika bara la Antaktika. Mwezi uliofuata kilikutwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, jambo ambalo wachache walilitazamia.

Kwa mkazi wa kando ya ziwa, utaratibu ni mfupi. Akikuta ndege kadhaa wamekufa pamoja, asiwashike kwa mikono mitupu, asiwapeleke jikoni wala kuwatupia mbwa. Amwarifu ofisa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa mzoga uliokaa juani siku mbili mara nyingi haufai tena kwa kipimo.