Mkokotoni: Nani Anakula Mchicha wa Shule?

Wadau, leo nawapeleka Mkokotoni. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo wa wavuvi kaskazini-magharibi mwa Unguja, zaidi ya kilomita 30 kutoka Mji Mkongwe, na ndio makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja. Ukisimama pwani, kisiwa cha Tumbatu kiko mbele yako, na pembezoni kuna mikoko.

Nilikwenda kutafuta habari ya bei ya samaki. Nikiwa nasubiri daladala ya kurudi mjini, wakapita watoto wa shule na vidumu vya maji. Nikawauliza wanakwenda wapi.

"Tunakwenda kumwagia mchicha, kaka."

Nikauliza tena, "Ukikua, nani anaula?" Wakatazamana, wakacheka, wakaondoka mbio.

Kicheko kile nakijua. Mimi nilisoma shule ya msingi Bara. Tulikuwa tunakwenda shule na kidumu cha maji na mfagio, na msimu wa kilimo ukifika kila mtu alitakiwa debe la samadi. Ukichelewa namba, mwalimu wa zamu anakupimia kipande ulime. Mahindi yalivunwa, yakapakiwa kwenye magunia, hatukuyaona tena. Nilimaliza darasa la saba nikijua jambo moja tu kuhusu kilimo: kwamba ni adhabu!

Nilipokua nikagundua kuwa haya hayakuanza na mwalimu wangu wa zamu. Yana historia ndefu, na Zanzibar imo ndani yake.

Idara ya elimu ya serikali Zanzibar ilianza mwaka 1907, chini ya Mwingereza aliyeitwa Rivers-Smith. Mwaka 1924 ikaja Afrika Mashariki tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, msomi maarufu wa Gold Coast (Ghana ya leo). Tume ilifika hadi Zanzibar. Ilikuja na wazo lililotoka shule za Hampton na Tuskegee, walikosoma Wamarekani weusi: Mwafrika afundishwe kilimo, afya na kazi za mikono kulingana na mazingira yake. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikawa na shule ya kati ya aina hiyo huko Dole, kwa ajili ya vijana wa mashamba.

Ukilisikia juu juu, wazo ni zuri. Lakini jiulize: kwa nini jembe lilipangiwa mtoto wa shamba tu? Wa mjini alisomeshwa ili awe karani. Mzazi wa shamba hakuwa mjinga, hilo aliliona. Kulima alijua, kuvua alijua, na mwanawe alikuwa anamfundisha mwenyewe nyumbani. Chuo cha Qur'ani nacho kilikuwepo, na serikali ililazimika kuingiza masomo ya Qur'ani katika shule zake ili kuwavuta wazazi. Kama shule haiongezi kitu, ya nini kumpeleka mtoto? Ndiyo maana Rais Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, watu walilipokea tangazo lile kama kupewa kalamu waliyonyimwa.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa kijitabu chake, Elimu ya Kujitegemea. Elimu ya shule za msingi si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake. Hata hivyo kijitabu kile kinamhusu yeyote anayeanzisha bustani ya shule, popote alipo. Wengi tunakumbuka shamba tu. Tunasahau kwamba Mwalimu alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, na waone faida ya jasho lao. Shule nyingi zilichukua jembe, zikaacha maamuzi ofisini.

Sasa bustani zinarudi kwa jina jipya: mazingira. Sina ugomvi nalo. Zanzibar ilitunga sheria ya mazingira na sheria ya misitu mwaka huo huo mmoja, 1996, na sababu unaziona hapo hapo Mkokotoni. Mikoko ya pwani hii ya Afrika Mashariki ilikatwa boriti kwa karne nyingi, zikasafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni na Ghuba. Mikoko ikiisha, mawimbi yanakula ardhi na samaki wadogo wanakosa pa kujificha. Mtoto wa mvuvi anatakiwa ayajue hayo kuliko mtu yeyote.

Bustani inaweza kumfundisha hata historia. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mwalimu akisimama kwenye tuta lenye mchicha, bamia na mpapai, anaweza kuuliza darasa: ingekuwaje kama tungekuwa na zao moja tu?

Lakini mtoto anayemwagia maji bila kujua nani atakula hafundishwi mazingira. Anatumikishwa. Waacheni wachague wapande nini. Wapime tuta na kuhesabu mafungu katika kipindi cha hesabu. Mchicha ukiuzwa, wasomewe fedha imekwenda wapi. Na siku ya mavuno upikwe, wale! Kipande cha adhabu kifutwe kabisa, maana huwezi kumchapa mtu kwa mti halafu ukamwambia aupende mti.

Nikirudi Mkokotoni nitawatafuta wale watoto, nirudie swali langu. Natamani safari hiyo wanijibu, "Sisi!"

Je, wewe shuleni kwenu mlilima nini? Na nani alikula?

Alamsiki.