Ugumu na Ulaini: Asili ya Karate ya Goju-ryu

Vijana wetu wa Sumbawanga hupenda habari za karate, nao wazazi wengi huiogopa, wakidhani ya kuwa ni elimu ya ugomvi tu. Twaona ni vema kueleza asili ya namna moja ya karate, iitwayo Goju-ryu, ili wasomaji wetu wapime wenyewe.

Kusini ya Japani kuna visiwa vya Okinawa. Zamani vilikuwa na mfalme wao, na merikebu zao zilifanya biashara na China. Hapo biashara ipitapo, elimu nayo hupita. Katika mji wa Naha alizaliwa Kanryo Higaonna, mwaka 1853. Alipokuwa kijana alivuka bahari mpaka Fuzhou, katika China, akajifunza huko kupigana bila silaha. Aliporudi kwao alifundisha wengine, na ufundi huo ukaitwa Naha-te, yaani “mkono wa Naha”.

Mwanafunzi wake aliyejulikana sana ni Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888. Alianza kufundishwa akiwa na umri wa miaka 14, akadumu kuwa mwanafunzi hata mzee huyo alipofariki mwaka 1915. Mafundisho hayo hayakuwa ya haraka. Husimuliwa ya kuwa mwanafunzi aliweza kuwekwa miaka mitatu katika zoezi moja tu, Sanchin, maana yake “vita vitatu”. Mtu husimama imara, huenda hatua chache, huku akivuta pumzi na kuitoa kwa taratibu. Wengi hueleza ya kuwa vita hivyo ni vya mwili, akili na roho. Basi adui wa kwanza ni nafsi ya mtu mwenyewe. Tena walishika mitungi mdomoni kwa vidole, wakatembea nayo polepole, wakiongeza mchanga ndani kidogo kidogo.

Mwaka 1930 Jin'an Shinzato, mwanafunzi wa Miyagi, alionyesha ufundi huo Tokyo. Akaulizwa jina lake, wala hapakuwa na jina. Ndipo Miyagi akachagua Goju-ryu, kwa kufuata maneno ya kitabu cha kale kiitwacho Bubishi. Go ni ugumu, ju ni ulaini. Ngumi huwa ngumu, lakini mkono unaopokea pigo hulegea, ukaligeuza.

Jambo hili si geni kwa Wafipa. Wazee wetu walijenga malungu, tanuru ndefu za udongo, wakapata chuma kutoka katika mawe. Lakini chuma hicho hakikuwa jembe mpaka kilainishwe kwa moto na kufuliwa. Kigumu kisichokubali kulainika hakifuliki.

Vita vya mwaka 1945 viliiharibu Okinawa. Shinzato aliuawa, na Miyagi alifiwa na baadhi ya watoto wake. Mtu wa namna hiyo angaliweza kuacha kazi, au kufundisha kisasi. Yeye alikusanya wanafunzi wachache, akawafundisha uani kwake mpaka alipofariki mwaka 1953. Neno lake kuu lilikuwa kwamba mtu asipigwe na wengine, wala yeye asiwapige, bali mambo yaishe kwa amani.

Elimu hiyo ilifika nchini mwetu mwaka 1973, ilipoletwa Dar es Salaam na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi.

Basi, mzazi akiulizwa na mwanawe kama aende kujifunza, asitazame ngumi kwanza. Amtazame mwalimu. Akiwa afundisha mapigo bila subira, mtoto atarudi na ugumu peke yake, nao utamvunja yeye na jirani zake. Akiwa afundisha kuvuta pumzi, kungoja na kuinama kwa heshima, mtoto atarudi na nguvu inayojua mpaka wake. Nguvu ya namna hiyo ndiyo itakiwayo katika kila kijiji.